Goti, bega na giya: shajara ya kupima roboti-gari kabla ya Sikukuu

Ramadhani 7, usiku baada ya tarawehe

Binamu yangu kaja na mfuko mweusi, kautua juu ya meza yangu ya kulehemu kama mtu anayetua samaki mnadani. Ndani mna roboti mbili za kuchezea zinazogeuka gari la mashindano.

Kila Sikukuu yeye hutandika turubai lake viwanja vya Mnazi Mmoja, hapa Unguja, akauza puto, miwani ya watoto na bunduki za maji. Mwaka jana bunduki zilivuja siku ya pili, wazazi wakamrudia nazo, na maneno aliyoambiwa siyaandiki mwezi huu. Safari hii kasema: "Kaka, wewe fundi. Nipimie kwanza. Ukisema zinafaa nachukua katoni nzima." Katoni ina 48.

Mie kazi yangu simu na redio, kibanda changu kiko Mlandege. Kitu cha kuchezea sijapata kukipima. Nimekubali kwa masharti mawili: nisiharakishwe, na nikivunja nisidaiwe.

Moja ni nyekundu, ya kugeuzwa kwa mkono. Haina mota, ina taa ya kifuani tu. Bei ya jumla shilingi 9,000. Nyingine ni ya buluu, inatumia betri tatu za saizi ya saa ya ukutani. Ukibonyeza inaimba, inawaka, inakwenda peke yake, halafu inasimama ikawa mtu, halafu inalala tena ikawa gari. Hiyo ni 14,000. Zote mbili zimefananishwa na gari moja la Kitaliano, lile la milango inayofunguka kwenda juu. Jina la kiwanda halimo kwenye boksi. Imeandikwa tu kwamba imetengenezwa China.

Kuanzia hapa nitaziita Nyekundu na Buluu.

Ramadhani 8, asubuhi, dukani hakuna mtu

Nimeanza na Nyekundu. Karatasi ya maelekezo ina picha 12 na mishale, maandishi yote ya Kichina. Picha ya kwanza mpaka ya sita hazina taabu: milango inainuliwa, sehemu ya nyuma ya gari inavutwa ikapasuka mapande mawili yakawa miguu, boneti inashuka ikawa kifua. Picha ya saba mshale unaonyesha bega la kushoto lizungushwe kwenda nje. Nikalizungusha. Tak! Mkono mzima wa roboti umebaki mkononi mwangu.

Nilidhani nimevunja mali ya watu hata adhuhuri haijafika. Kumbe bega ni tufe la plastiki lililobanwa ndani ya kikombe, mfano wa bolijointi ya gari. Linachomoka, na ukilisukuma kwa kidole gumba linarudi. Aliyelibuni kakusudia: bora mkono uchomoke kuliko shingo ya bega ikatike. Nikajilaumu kwa haraka yangu nikaendelea. Dakika 9 mpaka ikasimama. Kuirudisha gari dakika 6, na paa lilikataa kukaa mpaka nilipong'amua kwamba kichwa nimekiacha kikitazama nyuma.

Ikiwa gari, sura yake inapendeza ukiwa hatua tatu mbali. Ukiisogelea unaona nyufa za kila pahala, na ngumi za roboti zimening'inia chini ya tumbo la gari. Juu ya kigae inateleza vizuri. Kwenye baraza la nje, ngumi zinakwaruza saruji na gari linasimama. Watoto watachezea barazani, kigae wanacho wachache.

Ikiwa roboti, tatizo ni mgongo. Paa na vioo vyote hukunjwa vikapanda mgongoni, roboti ikawa kama mchukuzi wa bandarini Malindi aliyetwikwa magunia mawili. Nimeisimamisha juu ya ubao, nikauinua polepole huku nikipima kwa protrakta ya binti yangu. Kuanguka mbele inachukua digrii 17. Kuanguka nyuma ni digrii 8 tu. Kisigino ni kifupi. Wangekiongezea nusu sentimita mambo yangekuwa mengine.

Ramadhani 9

Leo Buluu. Skrubu 11, zote ndogo za nyota, na moja ilishalika kabla sijaigusa.

Ndani mna mota mbili. Ya kwanza iko chini, inazungusha kigurudumu kilichofungwa kwenye sahani inayozunguka yenyewe. Gari likigonga ukuta, kigurudumu kinakosa pa kwenda, sahani inajigeuza, gari linaelekea upande mwingine. Hapana kipimo cha umbali, hapana jicho, hapana hesabu yoyote inayofanyika. Mtoto ataapa kwamba limeuona ukuta. Ujanja huu naupenda, kwa kweli, maana ni rahisi na haukosei.

Mota ya pili ndiyo ya kuigeuza. Inasukuma giya tano nyeupe za plastiki, kila moja ikipunguza mwendo na kuongeza nguvu, mpaka ya mwisho inayosukuma fimbo inayonyanyua mwili mzima. Juu kuna vipande viwili vya shaba. Fimbo ikifika inavigusanisha, umeme unageuka upande, mwili unashuka.

Nimeweka mita. Kwa betri nzuri za alkalini: volti 4.6, ikitembea inakula ampea 0.3, ikijinyanyua 0.7. Nikaizuia kwa kidole isinyanyuke: 1.8. Kwa betri za bei rahisi, zile wanazonunua watu wengi dukani kwa Mangi, ikijinyanyua volti zinashuka mpaka 2.9. Baada ya dakika 20 haimalizi tena. Inafika katikati inasimama, nusu mtu nusu gari, na wimbo unavutika kama kaseti iliyomezwa.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi ni giya. Kwenye vitu vya namna hii vilivyotengenezwa kwa uangalifu, giya moja huwa ya mapande mawili yaliyobanwa na springi. Mtoto akilazimisha kwa mkono, mapande yanateleza, utasikia krrr, na hakuna kinachovunjika. Ni klachi. Humu hamna klachi, giya zote tano ni kipande kimoja kimoja. Mtoto wa miaka mitano ataacha kulazimisha? Nimechora duara kwenye daftari, nikaandika pembeni: itafia hapa.

Ramadhani 10

Umeme umekatika kutwa. Nimelala.

Ramadhani 12, baada ya futari

Nimekusanya wapimaji wa kweli: binti yangu wa miaka 8, mpwa wangu wa miaka 5, na mtoto wa jirani wa miaka 10 ambaye hupata wa kwanza darasani na anajua kwamba anajua. Nimewawekea zote mbili juu ya mkeka, nikakaa pembeni na gahawa yangu, nisiseme neno.

Buluu ikapata shangwe. Mpwa wangu akacheza ngoma mbele yake. Nimetazama saa: dakika 6. Baada ya hapo walikuwa wanaingojea tu ijinyanyue, ikajinyanyua, wakaingojea ilale, ikalala. Kila kitu inafanya yenyewe, mtoto hana kazi. Dakika ya saba wote watatu walikuwa wanagombea Nyekundu.

Mtoto wa jirani aliichukua kwanza, akatandaza karatasi ya maelekezo kama kitabu cha skuli, akafuata picha moja baada ya moja. Bega lilimchomoka mara mbili. Nikamwambia, "Taratibu, mwanangu, usitumie nguvu." Binti yangu yeye karatasi hata hakuitazama, aliikalia. Kageuza huku na huku, karudi nyuma, kajaribu tena. Dakika 14 mara ya kwanza. Kufikia mara ya tano, dakika 4, na bega halikumchomoka hata mara moja.

Mpwa wangu akachungulia dirishani mwa gari, akaniuliza: "Mjomba, dereva yuko wapi?"

Swali hilo lina historia. Roboti za aina hii asili yake Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ilitoa mfululizo ulioitwa Diaclone, na humo roboti lilikuwa chombo, likiendeshwa na mtu mdogo kama kidole mwenye sumaku nyayoni. Ndiyo maana magari yale yalikuwa na viti na milango ya kufunguka: lazima dereva apate pa kukaa. Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ikachukua roboti hizo, pamoja na nyingine za Takara, ikazipa jina Transformers na ikawaondoa madereva. Kuanzia hapo roboti likawa ndilo mwenyewe, lina jina na tabia zake. Viti vikabaki vitupu. Miongoni mwa magari ya mwanzo lilikuwemo Lamborghini Countach, gari lililoanza kuuzwa 1974 na milango yake ya kupanda juu, na nusu ya magari ya kuchezea niliyoyaona maishani, pamoja na haya mawili ya mezani kwangu, yanaliiga kwa namna moja au nyingine.

Mie nilipokuwa mdogo ami yangu aliniletea moja la hayo kutoka Maskati. Lilikuwa zito, lina vipande vya chuma na matairi ya mpira. Mkono wake mmoja uliishia chooni. Nimesimulia haya yote, na mpwa wangu kanisikiliza kwa adabu, kisha akarudia: "Sasa huyu dereva wake yuko wapi?"

Ramadhani 13

Buluu imekufa.

Nimeamka daku nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Roboti iko chini ya kitanda, swichi imewashwa, mahali pa betri pamoto. Nimefungua. Kwenye nafasi ya fimbo, katikati ya kiti na giya ya nne, mna kokwa ya tende.

Nimemuuliza mpwa wangu kwa upole. Hakuficha: "Nimemtilia dereva."

Kokwa ilishikwa na fimbo, mota ikaendelea kusukuma, ampea zikapanda, na meno matatu ya giya ya nne yamenyolewa kama kwa wembe. Giya ya kununua peke yake haipo. Jino la kugundisha halidumu hata zamu mbili. Nilifikiri kuigeuza giya iwe juu chini, upande mzima uje kwenye kazi, lakini fimbo inazunguka robo tatu ya duara, kwa hivyo pale penye pengo patafikiwa tu.

Lawama siwezi kumpa mtoto. Kitu chenye dirisha wazi na kiti kitupu lazima kitatiliwa abiria. Kungekuwa na klachi, kokwa ingetoa kelele ya krrr na sote tungeendelea kulala.

Buluu: hapana.

Ramadhani 15

Kuangusha. Kipimo cha Ulaya cha vitu vya kuchezea kinataka viangushwe mara 5 kutoka sentimita 85, juu ya bamba la chuma lililovishwa tabaka laini kidogo. Bamba sina. Ninayo sakafu ya saruji, ambayo haina huruma hata hiyo kidogo. Meza yangu ni sentimita 76, nikaongeza boksi la redio mbovu.

Nyekundu, ikiwa gari: mara ya kwanza salama, ya pili mlango ukachomoka ukarudi, ya tatu bawa dogo la nyuma likang'oka na pini yake imekatika. Ya nne na ya tano hakuna jipya.

Lile bawa ndilo la kuangalia. Kuna kipimo kingine, cha vitu vinavyoweza kumkaba mtoto: kijibweta cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 31.7, yaani inchi moja na robo, kilichokatwa mshazari chini, kina chake kuanzia milimita 25.4 mpaka 57.1. Kinakadiria koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitu kikizama chote humo, mtoto huyo hafai kupewa. Nimekikunja kwa karatasi ngumu ya boksi la simu. Bawa limezama. Ngumi ya roboti nayo, ikichomolewa, imezama.

Kwa hivyo binamu ataambiwa: wenye watoto wachanga usiwauzie, hata wakisema ni ya kaka yake.

Ramadhani 16

Nilidhani taa ya kifuani ni jambo dogo, na leo karibu nitupe kazi yote kwa ajili yake.

Inatumia betri tatu za saa, zile kama kidonge, na kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Tundu la skrubu limo, limetengenezwa kabisa, skrubu yenyewe hawakutia. Betri ya kidonge ikikwama kooni inapitisha umeme kwenye mate, na nyama inaanza kuungua ndani ya saa 2. Mtoto anaweza kuonekana ana kikohozi tu. Viwango vya vitu vya kuchezea vinataka mahali pa betri hizi pafungwe kwa skrubu au chombo, na mtu wa kiwandani kalijua hilo, la sivyo tundu lisingekuwepo. Kaokoa bei ya skrubu moja.

Nimepekua kopo langu la skrubu za simu zilizokufa. Ya milimita 2 inaingia sawasawa. Ninazo kama 200.

Ramadhani 17 mpaka 22

Nimejiwekea zamu 100: gari kuwa roboti na kurudi ni zamu moja. Binti yangu kafanya 60, kwa malipo ya ubuyu. Mie 40, bila malipo.

Zamu ya 30, nyonga zimeanza kupauka, mstari mweupe kwenye plastiki nyekundu. Plastiki hii ikikunjwa karibu na mwisho wa uwezo wake huwa nyeupe pale inapochoka. Nikaweka alama kwa kalamu. Mpaka zamu ya 100 mstari haujazidi, kwa hivyo ni kovu, si ufa.

Zamu ya 60 goti la kulia limelegea. Pini ya goti ni ya chuma, na tayari ina kutu kichwani. Hewa yetu ya chumvi haimwachi mtu. Nimetia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, kutu imesimama, lakini goti ndiyo limelegea zaidi. Hilo ni kosa langu.

Zamu ya 80 mabega yote mawili yananing'inia. Hapa nilikuwa na dawa: ni kupaka tufe rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja, ikauke usiku kucha kabla ya kulirudisha kikombeni. Tufe linanenepa kidogo, bega linakaza. Chupa ya mke wangu ilikuwa imejaa pomoni, maana mwezi huu haigusi kwa ajili ya udhu. Sasa haijajaa pomoni. Bado hatujazungumza.

Zamu ya 100: Nyekundu inasimama, inageuka, milango inafunga. Bawa la nyuma halipo. Taa inawaka.

Ramadhani 23

Binamu kaja kuchukua majibu. Nimemwambia Buluu aiache, na Nyekundu achukue nusu katoni, si nzima, na kila moja ipite kwangu nitie skrubu kabla haijauzwa.

Hakupendezwa. "Kaka, Buluu inajiuza yenyewe. Naiwasha juu ya turubai, inaimba, watoto wanakuja. Hii nyekundu nitaiuzaje? Nikae niigeuze kutwa nzima?"

Nikamwambia ndiyo. Mkalishe binti yangu pale aigeuze. Dakika mbili na nusu sasa, kwa macho yamefumbwa karibu. Nikampa ile Buluu iliyokufa aitazame giya yake. Kaitazama muda mrefu, akauliza bunduki za maji zinapimwaje.

Tumekubaliana 24. Atauza 15,000.

Ramadhani 27

Skrubu 24 zimetiwa. Mbili kati ya roboti zilikuja na miguu miwili ya kulia. Zimerudishwa dukani, zikabadilishwa bila ubishi.

Mfunguo Mosi 1, Sikukuu ya kwanza

Mnazi Mmoja hapapitiki. Binti yangu kavaa gauni lake jipya, kakaa juu ya turubai, anageuza. Watoto wamemzunguka, kila mmoja kafumbata kiganjani fedha zake za mkono wa Idi. Hakuna wimbo wala taa za rangi, na hawaondoki, kwa sababu kila mmoja anaamini yeye angeweza kwa haraka zaidi. Kufikia alasiri zimekwenda 13. Mzee mmoja kanunua yake mwenyewe, kasema ni ya mjukuu, akatia mfukoni karatasi ya maelekezo kwa heshima kubwa.

Mfunguo Mosi 2

Zimerudi tatu. Binamu kanitazama kwa lile jicho la bunduki za maji. Nimezipokea, nikasukuma kwa kidole gumba, tak, tak, tak, zimepona, wenyewe wakaenda zao wakicheka.

Lakini zote tatu ni bega la kushoto. Mara ya kwanza kwangu lilikuwa la kushoto. Kwa mtoto wa jirani, mara zote mbili, la kushoto. Nimekaa nyuma ya turubai na bisibisi, nimefungua moja. Ndani ya kikombe cha bega hilo kuna kizuizi, kibonge kidogo cha plastiki, kinachoruhusu mkono uzunguke kwenda ndani tu. Cha kulia kimekaa kinyume, kama inavyotakiwa. Nikatoa karatasi, picha ya saba. Mshale wa bega la kushoto unaelekea nje. Mchoraji kaurudia mshale wa kulia bila kuugeuza. Na mie siku zote nikiwaambia watoto wa watu wasitumie nguvu.

Nikamuuliza binti yangu yeye huzungusha upande gani. Kasema: "Upande unaokubali, Baba."

Zimebaki roboti 6. Nimeazima kalamu ya mwenye kuuza tiketi za pembea, nimefungua boksi moja moja, nikaukata mshale wa picha ya saba na kuchora mwingine.